Misalaba ya Shaba na Sauti Nne: Muziki Mtakatifu wa Ulimbwende na Lugha ya Kwaya za Lubumbashi

1.0 Utangulizi

Kwaya inapoimba kazi ya Anton Bruckner au ya César Franck chini ya paa la Kanisa Kuu la Watakatifu Petro na Paulo mjini Lubumbashi, maswali mawili huzuka papo hapo. La kwanza linahusu asili: muziki huo ni wa nani? La pili linahusu lugha: mji huu huongea Kiswahili sokoni, mgodini na nyumbani, kwa nini basi kazi hizo huimbwa kwa Kilatini? Wapo wanaojibu kwamba muziki huo ni mgeni aliyeteremka Luano pamoja na mizigo yake na kwamba ataondoka kwa njia ileile. Wapo pia wasemao kwamba umekwisha kuwa mali ya mji, maana babu zetu waliuimba na wajukuu wanauimba. Majibu yote mawili yana chembe ya ukweli, lakini hakuna linalotosheleza, kwani yote yanapima muziki kwa umri wa makazi yake tu na kusahau maneno yanayobebwa nao.

Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha mambo matatu. Kwanza, namna fikra za Ulaya ya karne ya 19 zilivyofika Katanga kupitia watawa ambao wenyewe walidhani wameiacha karne hiyo nyuma. Pili, namna fikra hizo zilivyochangia kuzaliwa kwa Misa mbili mashuhuri za Katanga kabla ya uhuru. Tatu, nafasi ya Kiswahili katika historia hiyo, nafasi ambayo wanamuziki hawaijali sana kwa sababu ni suala la isimu, na wanaisimu nao huiacha kwa sababu ni suala la muziki.

Neno ulimbwende tunalitumia hapa kwa maana waliyoizoea wahakiki wa fasihi ya Kiswahili, yaani ule mkondo wa sanaa uliothamini hisia, ukale na roho ya taifa. Halihusiani na urembo wala mapenzi ya vijana. Kwa upande wa jina Luano, tunakusudia kitongoji kile chenye uwanja wa ndege, ambacho kwa miongo mingi kimekuwa lango la Lubumbashi kwa watu, barua, vitabu na santuri.

2.0 Sura tatu za ulimbwende katika muziki wa kanisa

Ulimbwende ulianza Ulaya mwishoni mwa karne ya 18 ukatawala sehemu kubwa ya karne ya 19. Katika muziki mtakatifu ulijitokeza kwa sura tatu, na inafaa tuzitenganishe kwa kuwa kila moja ilifika Katanga kwa njia yake.

Sura ya kwanza ni ile ya hisia kubwa. Watunzi waliichukua Misa na sala za wafu wakazipa okestra kamili, waimbaji mahiri wa pekee na mabadiliko ya ghafla kutoka mnong'ono hadi ngurumo. Misa ya Mtakatifu Sesilia ya Charles Gounod, iliyosikika Paris mwaka 1855, ni ya kundi hili. Vivyo hivyo Misa ya wafu ya Giuseppe Verdi iliyoimbwa Milan mwaka 1874. Gabriel Fauré, ambaye Misa yake ya wafu ilisikika kwa mara ya kwanza mwaka 1888 katika kanisa la Madeleine jijini Paris, alitumia hisia zilezile kwa sauti ya upole zaidi.

Sura ya pili ni ya hamu ya ukale. Mwaka 1829, Felix Mendelssohn aliifufua mjini Berlin kazi ya Johann Sebastian Bach juu ya mateso ya Bwana kwa mujibu wa Injili ya Mathayo, baada ya kazi hiyo kulala karibu karne nzima. Mwaka 1833, padre Prosper Guéranger alianzisha upya utawa wa Kibenedikto huko Solesmes, Ufaransa, na kutoka hapo ikaanza juhudi ya kurudisha wimbo wa Kigregori katika hali iliyosadikiwa kuwa ndiyo ya awali. Bruckner naye, katika wimbo wake mfupi Locus iste wa mwaka 1869, alitumia sauti nne bila ala yoyote, akiwatazama mabwana wa kale huku akisema kwa lugha ya zama zake. Wimbo huo ni wa kutabaruku kanisa. Unazungumzia mahali palipofanywa na Mungu. Ndiyo maana hupendwa sana katika makanisa yenye historia.

Sura ya tatu ni imani kwamba kila taifa lina roho yake, nayo hukaa katika lugha na nyimbo za watu wa kawaida. Mhubiri wa mwanzo wa imani hii alikuwa Johann Gottfried Herder, ambaye mkusanyo wake wa nyimbo za watu ulitoka mwaka 1778 na 1779. Kwa upande wa muziki mtakatifu, mfano mkubwa ni Johannes Brahms. Mwaka 1868, katika kanisa kuu la Bremen, iliimbwa kazi yake ya kuwafariji waombolezaji. Maneno yake hayakutoka katika ibada ya Kilatini. Brahms aliyachagua mwenyewe kutoka katika Biblia ya Martin Luther, yaani kutoka katika Kijerumani kilichosomwa na watu majumbani.

Mfano huu wa Brahms tutaurudia, kwa sababu unaonyesha kwamba suala la lugha ya muziki mtakatifu halikuanzia Afrika.

3.0 Watawa, matofali na wimbo wa kale

Mji wa Élisabethville, ulioitwa Lubumbashi tangu mwaka 1966, ulianzishwa mwaka 1910, mwaka uleule reli kutoka kusini ilipoufikia. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilikuwa imeundwa mwaka 1906, na shaba ndiyo iliyoamua mahali mji utakapokaa. Mwaka huohuo wa 1910, Katanga ilifanywa prefektura ya kitume na kukabidhiwa Wabenedikto wa abasia ya Mtakatifu Andrea, karibu na Bruges nchini Ubelgiji. Kiongozi wao alikuwa Jean-Félix de Hemptinne, aliyeliongoza kanisa la Katanga hadi kifo chake mwaka 1958.

Ukoo wa watawa hawa katika muziki ni muhimu. Abasia ya Mtakatifu Andrea ilianzishwa na mtawa wa Maredsous. Maredsous ilianzishwa mwaka 1872 na watawa wa Beuron. Na Beuron, iliyoanzishwa mwaka 1863, ilipokea mwelekeo wake wa ibada kutoka Solesmes. Kwa hiyo watawa waliofika Katanga walikuwa vitukuu wa Guéranger. Zaidi ya hayo, walifika miaka saba tu baada ya waraka wa Papa Pius X wa tarehe 22 Novemba 1903, uliotangaza wimbo wa Kigregori kuwa kipimo cha muziki wote wa kanisa na kukemea mtindo wa jukwaani uliokuwa umeenea katika karne iliyotangulia. Kwa mujibu wa waraka huo, kazi nyingi za aina ya Gounod na Verdi hazikufaa katika ibada.

Hapa pana jambo la kushangaza kidogo. Waraka ule ulikataa sura ya kwanza ya ulimbwende, lakini ulifanya hivyo kwa nguvu ya sura ya pili, yaani hamu ya ukale. Wimbo wa Kigregori kama ulivyofundishwa Katanga haukuwa umetiririka bila kukatika kutoka zama za kati. Ulikuwa umekusanywa, umelinganishwa na kuchapishwa upya na wasomi wa karne ya 19. Mtawa aliyesimama mbele ya watoto wa Katanga akiwafundisha kuimba kwa mtiririko laini usio na mapigo mazito alikuwa anawapa ulimbwende bila kujua, akiamini kwamba anawapa kitu kilichoutangulia.

Kanisa kuu lenyewe linasimulia hadithi hiyohiyo kwa matofali. Lilijengwa katika miaka ya mwanzo ya 1920, katika sehemu ya mji iliyotengwa kwa ajili ya Wazungu, kwa umbo linalokumbuka makanisa ya zama za kati, mtindo ambao karne ya 19 iliupenda kupita kiasi. Waafrika walipangiwa makazi yao ng'ambo ya pili, katika cité Albert ambayo leo ni Kamalondo. Umbali baina ya sehemu hizo mbili haukuwa mkubwa kwa miguu, lakini ulilindwa kwa sheria. Hivyo basi, muziki uliosikika kanisani na muziki uliosikika ndani ya cité ulikua kila mmoja upande wake wa mpaka, na watu wachache waliovuka mpaka huo wakiwa na noti mikononi ndio watakaotuhusu katika sehemu ifuatayo.

4.0 Msalaba wa shaba na Joseph Kiwele

Katika miaka ya 1930, mtawa Mbenedikto Anschaire Lamoral aliunda mjini kwaya ya watoto iliyopewa jina la Waimbaji wa Msalaba wa Shaba. Jina hilo lilifuata mfano wa kwaya mashuhuri ya Paris, Waimbaji Wadogo wa Msalaba wa Mti, iliyoanzishwa mwanzoni mwa karne ya 20. Kubadilisha mti kwa shaba kunaweza kuonekana kama mapambo tu, mradi mji ni wa shaba. Lakini kwa mtu wa Katanga, msalaba wa shaba ulikuwa na maana nyingine iliyoutangulia Ukristo. Wafua shaba wa eneo hili walitengeneza vipande vya shaba vyenye umbo la msalaba karne nyingi kabla ya Wazungu kufika; vilitumika kama fedha na katika mahari, na waakiolojia wamevikuta katika makaburi ya kale ya Sanga, katika bonde la Upemba. Kwa hiyo mtoto aliyevaa msalaba huo kifuani alibeba kwa wakati mmoja alama ya imani mpya na sarafu ya mababu.

Katika mazingira hayo alitokea Joseph Kiwele, aliyezaliwa mwaka 1912. Alipata elimu ya seminari, akafundisha muziki Élisabethville na kuongoza kwaya. Jina lake linahusishwa kwanza na Misa ya Katanga, iliyoimbwa na Waimbaji wa Msalaba wa Shaba na kurekodiwa kwenye santuri. Misa hiyo inatumia maneno ya kawaida ya Kilatini, lakini mahadhi, mapigo na mpangilio wa kiongozi na waitikiaji vimetoka katika nyimbo za nchi. Kiwele aliandika pia kazi ya jukwaani yenye jina la Kiswahili, Chura na Nyoka. Jina hilo ni ushahidi kwamba mtunzi huyu aliijua njia ya lugha ya mji, na kwamba Kilatini cha Misa yake kilitokana na sheria za ibada za wakati huo.

Tukirudi kwenye sura tatu tulizozitaja, tunaona kwamba Kiwele alikuwa mwanafunzi wa sura ya pili aliyeivuka akaingia katika ya tatu. Alifundishwa kwamba muziki bora wa kanisa ni ule wenye mizizi katika ukale. Alichofanya ni kuuliza, kwa kutunga, ukale wa nani. Swali hilo ndilo alilouliza Herder juu ya Wajerumani waliokuwa wakiiga Kifaransa, na ndilo lililomfanya Brahms afungue Biblia ya Luther.

Historia haikumwacha Kiwele atulie kwenye kinanda chake. Tarehe 11 Julai 1960, Katanga ilijitangaza kuwa dola chini ya Moïse Tshombe. Kiwele akawa waziri wa elimu, na wimbo wa taifa wa dola hiyo, La Katangaise, ulikuwa wake. Bendera yake nayo ilibeba misalaba mitatu ya shaba. Alama iliyokuwa kifuani mwa waimbaji watoto ikawa juu ya mlingoti. Tarehe 17 Januari 1961, Patrice Lumumba aliteremshwa kwenye uwanja wa Luano akiwa mfungwa, akauawa usiku uleule. Tangu siku hiyo jina Luano limeandikwa katika historia ya dunia kwa sababu ambayo hakuna mkazi wake angeitaka. Kiwele alifariki mwaka huohuo wa 1961, na dola ile ilikwisha Januari 1963.

Inaelekea kwamba hapa ndipo ulipo ufunguo wa kusahauliwa kwake. Mtunzi wa wimbo wa dola iliyoshindwa, dola iliyobeba damu ya Lumumba, hakuweza kusifiwa kwa urahisi katika Kongo iliyoungana, hata kwa ajili ya Misa aliyoiandika zamani kabla ya siasa hiyo. Mhakiki wa leo anapaswa kuyatenganisha mambo haya mawili bila kulificha lolote kati yake. Uwaziri wake ni sehemu ya historia ya siasa. Misa yake ni sehemu ya historia ya sanaa, na haikosi thamani kwa sababu ya uwaziri.

5.0 Kamina na Missa Luba

Wakati huohuo, kaskazini-magharibi ya Élisabethville, katika mji wa Kamina, ambao leo ni makao ya mkoa wa Haut-Lomami, kulikuwa na jaribio jingine. Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alifika huko mwaka 1953, na mwaka uliofuata akaunda kundi la Les Troubadours du Roi Baudouin lenye wavulana wapatao 45 na walimu 15. Kundi hilo ndilo lililoiimba kwa mara ya kwanza Missa Luba, tarehe 23 Machi 1958, kisha likasafiri Ulaya mwaka huohuo na kusikika katika maonyesho makubwa ya Brussels.

Missa Luba haikuandikwa mezani kama kazi ya Bruckner. Ilikua katika mazoezi, waimbaji wakijaribu mahadhi juu ya maneno ya Kilatini na kuyarekebisha. Sehemu ya Kyrie inafuata mtindo wa kasala wa Waluba. Sanctus inatokana na wimbo wa kuagana, na Hosana yake na mapigo ya ngoma ya Kasai. Agnus Dei imejengwa juu ya wimbo wa Bena Lulua. Mwimbaji kiongozi alikuwa mwalimu Joachim Ngoi. Santuri yake ilienea duniani, na Sanctus ikatumika katika filamu ya Lindsay Anderson ya mwaka 1968. Mwaka 1990 Misa hiyo ilirekodiwa upya na kwaya ya Muungano ya Nairobi chini ya Boniface Mganga.

Ulimwengu unaifahamu kazi hii kwa jina la Haazen. Ni haki kumshukuru mtu aliyesikiliza kwa makini, akakusanya na kupanga. Hata hivyo, ikiwa mahadhi yalitoka vinywani mwa waimbaji, neno mtunzi linahitaji kupanuliwa. Katika fasihi simulizi ya Kiswahili tatizo hili tunalijua vizuri: mkusanyaji wa ngano huandikwa jaladani, na bibi aliyeisimulia hubaki bila jina. Jina la Ngoi linastahili kutajwa kila mara Misa hiyo inapotajwa.

6.0 Suala la lugha

Sasa tunaona picha iliyopindana. Katika Misa hizi mbili, muziki ni wa nyumbani na maneno ni ya ugenini. Katika vitabu vya nyimbo vilivyotumika mashuleni na katika parokia kwa wakati huohuo, maneno yalikuwa ya Kiswahili na mahadhi mengi yalikuwa ya Ulaya. Na nje ya kanisa kulikuwa na hali ya tatu: mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Jean-Bosco Mwenda huko Jadotville, ambayo leo ni Likasi, akiimba kwa Kiswahili na gitaa, maneno na mahadhi vikiwa vyake. Kwa nini kanisa lilichelewa kufika pale ambapo mpiga gitaa alikuwa amekwisha kufika? Sheria ya Kilatini ni jibu la kwanza, lakini halielezi vitabu vya nyimbo. Kwa hivyo vitabu hivyo inatupasa tuuangalie muundo wa lugha yenyewe.

6.1 Toni na mkazo

Lugha nyingi za Kibantu za Kongo ni lugha za toni: kupanda na kushuka kwa sauti hubadili maana ya neno. Mmisionari John Carrington, katika kitabu chake cha mwaka 1949 juu ya ngoma zinazosema, alitoa mfano wa Kilokele, lugha ya eneo la Kisangani. Neno lisaka likitamkwa kwa sauti ya chini kote ni dimbwi. Silabi ya mwisho ikipanda ni ahadi. Silabi mbili za mwisho zikipanda ni sumu. Kiluba na Kibemba nazo ni lugha za toni. Mmisionari aliyeweka maneno ya lugha kama hizo juu ya mahadhi yaliyotungwa Ujerumani au Ufaransa alikuwa katika hatari ya kuhubiri sumu alipokusudia ahadi.

Kiswahili hakina hatari hiyo. Kimeachana na toni na kina mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho. Kina irabu tano safi, na silabi zake karibu zote huishia kwa irabu, jambo ambalo kila mwalimu wa sauti hulishukuru. Kwa sababu hizi, pamoja na zile za kijamii ambazo Johannes Fabian alizichambua mwaka 1986 kuhusu Kiswahili cha migodi na cha misheni, lugha hii ikawa chombo rahisi cha kwaya za Katanga. Wafanyakazi walitoka Kasai, Maniema, Rwanda, Burundi na Rhodesia ya Kaskazini, kila mmoja na toni zake. Kiswahili kiliwakutanisha wote juu ya mstari mmoja wa noti.

Lakini urahisi huo ulikuwa na bei. Lugha ya toni hukataa mahadhi yasiyoifaa. Maana ikiharibika, msikilizaji hucheka, na mtunzi hulazimika kutunga upya. Kiswahili hakikukataa. Kilipokea kila wimbo uliotafsiriwa, nao ukaeleweka kiasi cha kutosha. Hivyo mahali ambapo Kiluba kilimlazimisha mwimbaji atafute mahadhi ya Kiluba, Kiswahili kilimruhusu akae na mahadhi ya Ulaya kizazi baada ya kizazi. Kwa maoni yetu, ndiyo sababu muziki mtakatifu wenye asili ya Katanga ulianza kukomaa kwa Kilatini kabla ya kukomaa kwa Kiswahili.

6.2 Silabi na pigo

Ni kosa, hata hivyo, kudhani kwamba Kiswahili hakina madai yoyote kwa mtunzi. Madai yake ni ya mkazo na ya idadi ya silabi. Tuchukue mifano michache kutoka kazi zinazopendwa katika matamasha.

(a) Locus iste ina silabi nne, na mkazo uko kwenye silabi ya kwanza. Bruckner ameiweka silabi hiyo juu ya pigo zito la mwanzo. Tafsiri ya wazi, mahali hapa, ina silabi tano na mkazo wake wa kwanza uko kwenye -ha-. Mwimbaji akianza na ma- juu ya pigo zito, atatamka máhali, na kila mtoto wa Lubumbashi atajua kwamba aliyetafsiri hakusikiliza. Inabidi ma- itangulie pigo, kama hatua ya mguu kabla ya ngoma kuanza.

(b) Panis angelicus, maneno ambayo Franck aliyatungia muziki mwaka 1872, yana silabi sita. Mkate wa malaika una nane, tukihesabu m- ya mwanzo ambayo ni silabi kamili. Noti mbili zinapaswa kugawanywa, na m- ipewe nafasi yake. Waimbaji wengi huimeza.

(c) Sanctus ina silabi mbili, Mtakatifu ina tano. Agnus Dei ina nne, Mwanakondoo wa Mungu ina nane. Hapa hakuna ujanja wa kugawa noti utakaosaidia. Ni lazima mahadhi yatungwe upya.

Mifano ya (a) na (b) inaonyesha kwamba tafsiri inawezekana ikifanywa na mtu anayejua noti na anayejua lugha. Mfano wa (c) unaonyesha mpaka wa tafsiri. Baada ya mpaka huo huanza utunzi, na ndiko alikoelekea Kiwele.

Liko pia suala la Kiswahili kipi. Kanisani na shuleni kilifundishwa kile kinachoitwa Kiswahili bora: watoto wanaimba. Nje ya mlango wa kanisa, watoto walewale husema batoto banaimba. Kwa hesabu ya silabi na kwa mkazo, sentensi hizi mbili ni sawa kabisa, na zinaweza kuimbwa kwa noti zilezile. Uchaguzi kati yake si wa muziki. Ni uchaguzi wa heshima ambayo jamii inaipa kila lahaja, na haufai kufichwa nyuma ya madai ya usanii.

7.0 Baada ya Mtaguso

Tarehe 4 Desemba 1963, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipitisha hati yake juu ya liturujia, ukaruhusu lugha za watu katika Misa na kuagiza kwamba mapokeo ya muziki ya mataifa yapewe heshima. Afrika Mashariki ilikuwa imekwisha kuanza. Huko kusini ya Tanganyika, padre Stephen Mbunga alitunga mwaka 1959 Missa Baba Yetu, kwa Kiswahili na kwa mahadhi ya nyumbani, na mwaka 1963 akatoa kitabu juu ya sheria ya kanisa na muziki wa Kibantu. Nchini Uganda, Joseph Kyagambiddwa alitunga kazi kubwa ya kwaya juu ya Wafiadini wa Uganda, iliyoimbwa Roma mwaka 1964 walipotangazwa watakatifu. Katika Zaire, utaratibu wa Misa kwa majimbo ya nchi hiyo uliidhinishwa mwaka 1988, ukiwapa waimbaji na wachezaji nafasi ambayo watawa wa 1910 wasingeiota.

Katika Lubumbashi, mlango huo ulipofunguliwa, nyimbo za Kiswahili zenye mahadhi ya nchi ziliingia kwa wingi katika ibada. Kilatini kikahama: kutoka lugha ya lazima ya altareni kikawa lugha ya hiari ya tamasha. Gounod na Fauré, ambao waraka wa 1903 uliwatilia shaka, sasa huimbwa kanisani bila kipingamizi. Waliochelewa kurudi ni watunzi wa hapahapa. Ni rahisi zaidi kuipata karatasi ya noti ya Locus iste, ambayo imechapishwa mara nyingi duniani, kuliko kuipata ile ya Misa ya Katanga katika mji ilikozaliwa.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba muziki mtakatifu wa ulimbwende hauko Lubumbashi kama mgeni wa jana, wala haujawa mwenyeji kwa sababu tu umekaa sana. Ulifika kwa sura ya hamu ya ukale, ukachochea swali la ukale wa nani, na jibu la swali hilo lilikuwa Misa ya Katanga na Missa Luba. Kiswahili, kwa sababu ya muundo wake mwepesi wa sauti, kilipokea mengi na kudai machache, na kwa hiyo zamu yake ya kutungiwa muziki mkubwa ilichelewa. Mfano wa Brahms unatuonyesha kwamba kuwaheshimu watunzi wa karne ya 19 ni pamoja na kufanya walichofanya wao: kuchukua maneno ambayo watu wanayaishi na kuyapa sauti nne.

Kutokana na hayo tunatoa mapendekezo matatu kwa wenzetu na kwa wanafunzi. Kwanza, madaftari ya noti na maneno yaliyomo katika kwaya za parokia, pamoja na santuri za zamani, yakusanywe na kunakiliwa kabla mchwa na mvua havijamaliza kazi yao. Mwanafunzi wa lisansi anaweza kuanza na parokia moja. Pili, tafsiri za Kiswahili za kazi za sauti nne zifanywe na mwanaisimu na kiongozi wa kwaya wakiwa wameketi pamoja, mmoja akihesabu mikazo na mwingine mapigo. Tatu, tamasha lolote la muziki wa karne ya 19 linaloandaliwa katika kanisa kuu litengewe angalau kazi moja ya Kiwele, na jina lake lichapishwe katika ratiba kwa herufi zilezile zinazotumika kwa jina la Bruckner. Wazee walioimba chini ya Kiwele wamebaki wachache. Kazi ya kuwauliza haiwezi kungoja mradi mkubwa; inahitaji daftari, kinasa sauti na nauli ya kwenda Kamalondo.